Gemu ya ukocha inapochosha msimu wa tatu, tengeneza soko kabla ya jezi

Swali: Assalaam aleikum. Mimi na wenzangu wawili tuko Kisauni, tumetengeneza gemu ya simu ya ukocha wa mpira. Ligi ni ya kubuni, timu zote za Pwani, kuanzia Lungalunga hadi Lamu. Watu wanaipakua, na msimu wa kwanza wanacheza mpaka usiku wa manane. Wa pili wanapunguza. Wa tatu wanaacha. Kila mwezi tunatoa sasisho: jezi mpya, viwanja vipya, mikutano na waandishi wa habari, juzi tumeongeza hata duka la klabu. Wanasifu siku mbili, kisha kimya. Wengine wanataka usajili wa mtandaoni. Tutaiongezeaje kina kwa masasisho bila kuivunja na kuianza upya?

Jibu: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kabla hamjaongeza chochote, fungueni faili la kocha mmoja aliyeacha msimu wa tatu. Nikisema kocha namaanisha mtu aliyeshika simu; mchezaji ni yule aliyemo ndani ya gemu. Tazameni alichonacho. Nadhani mtakuta pesa nyingi kuliko anavyoweza kutumia, makinda wenye viwango vya juu aliowanunua kwa bei ya kutupa, na ubingwa ambao kila mtu katika ligi anajua ni wake. Hana wa kumwogopa. Mtu wa namna hiyo jezi mpya haimsumbui, wala duka la klabu, maana duka linamletea pesa nyingine asizozihitaji. Mnapaka rangi jahazi ambalo halijatiwa kalafati.

Modi ya ukocha huwa na kina pale uamuzi wa zamani unapokuja kukudai. Ulimuuza beki msimu wa kwanza kwa sababu ulitaka pesa ya haraka. Msimu wa nne ndiye nahodha wa timu inayokuzuia kupanda daraja, na mashabiki wako hawajasahau nani alimuuza. Masasisho yenu yote yameongeza vitu vya kufanya. Sijaona hata moja lililoongeza kitu kinachokumbukwa.

Ugonjwa huu wakubwa nao wanao. Mwaka 2020 mashabiki wa Madden NFL, ile gemu ya mpira wa Kimarekani ya kampuni ya EA, walichachamaa mtandaoni wakitaka modi ya Franchise, ile ya kuendesha timu misimu mingi, ishughulikiwe. Modi hiyo imekuwemo tangu Madden NFL 99, na walihisi imeachwa ikichakaa. EA wakaahidi masasisho ndani ya msimu huohuo, kitu ambacho hawakuwa na mazoea nacho. Yaliyokuja si mapambo: walirekebisha akili ya timu za kompyuta katika kubadilishana wachezaji, wakaweka na kumbukumbu ya historia ya ligi, nani alitwaa ubingwa mwaka gani. Mwaka uliofuata Madden NFL 22 ilitoka Agosti, na mfumo mpya wa skauti ukafika kwa sasisho Septemba, watu wakiwa wameshaanza kucheza. Kwa hiyo inawezekana kupanda mfumo mzima ndani ya gemu iliyokwisha kutoka. Iliwachukua kelele za umma kuanza, na sababu ni pesa: katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, modi za Ultimate Team, zile za kujenga timu kwa kadi za wachezaji, ziliiingizia EA dola bilioni 1.62. Anayenunua pakiti za kadi hulipa kila wiki. Anayeendesha timu yake misimu 20 alilipa mara moja, basi. Nyinyi hamna pakiti za kuuza, na hiyo ni nafuu yenu.

Turudi kwenye faili. Kwanza soko la usajili, kwa sababu hapo ndipo ligi yenu inapofia.

Nakisia kila mchezaji mmempa thamani moja, kisha kwenye mabadilishano mnajumlisha pande mbili, na timu ya kompyuta inakubali ikiona jumla inayopata imezidi inayotoa. Kocha mjanja anaitambua hesabu hiyo kwa mchana mmoja. Anakusanya viungo watatu wa kiwango cha 60, anawabadilisha na straika wa 80, na timu ya kompyuta inashangilia ijapokuwa ina viungo tisa tayari. Akirudia mara nne, ligi imekwisha.

Thamani isipande kwa mstari ulionyooka. Mchezaji wa 80 si wa thamani ya theluthi moja zaidi ya yule wa 60. Ligi nzima ina watu wanne wa kiwango chake, basi awe mara nane au kumi. Halafu timu inayonunua ijiulize ina pengo wapi: kiungo wa kumi kwa timu yenye tisa ana thamani karibu na sifuri, hata awe mzuri namna gani. Mkataba uliobakisha miezi sita ushushe bei, na kocha ajue kwamba mpinzani naye anausubiri uishe. Kisha jambo ambalo hata gemu kubwa hulifanya kwa nadra: timu iliyopunjwa iweke kinyongo. Ukiiuzia Malindi mchezaji uliyejua goti lake bovu, misimu mitatu baadaye bei zao kwako ziwe juu asilimia 20, na wakati mwingine wakatae tu, bila kueleza.

Pesa nayo itafutiwe pa kwenda. Timu ikitwaa ubingwa, wachezaji kumi na mmoja wote wadai nyongeza, na mwenyekiti aanze kuahidi watu mambo ambayo hujamruhusu. Lile duka msilifute. Lilipe kodi ya pango na leseni ya kaunti, na timu ikifungwa mechi tano mfululizo jezi zikae rafuni. Hapo kocha ataanza kujiuliza kama alihitaji kulijenga.

Sasa kumbukumbu yenyewe, ambayo ndiyo ningeipa muda mwingi kuliko kitu kingine. Si kazi kubwa kama inavyosikika. Tengenezeni jedwali la matukio: msimu, wiki, aina ya tukio, nani, dhidi ya nani, kiasi gani. Tukio moja linatosha katika baiti 16. Mkiandika matukio 500 kwa msimu, misimu 20 ni matukio 10,000, yaani kilobaiti 160. Picha moja ya simu huizidi hiyo. Andikeni uhamisho, majeraha makubwa, kadi nyekundu, ahadi mlizompa mchezaji, mabao ya dakika za mwisho, makocha waliofukuzwa. Mwanzoni msifanye lolote na jedwali hilo, liandikwe tu. Ukishapita mwezi, kila sasisho lenu litakuwa na kitu cha kushika. Mkutano na waandishi wa habari ambao leo unauliza “Unajisikiaje kabla ya mechi?” utauliza, “Mara ya mwisho ulipokuja Voi ulimtoa kipa dakika ya 30. Leo ataanza?” Maswali ya namna hii yanazaliwa na jedwali, hakuna anayekaa kuyaandika moja moja.

Waliokulia kwenye kumbi za gemu za Majengo na Bondeni enzi za PES, gemu ya mpira ya Konami, wanajua nguvu ya jambo hili, ijapokuwa Master League yenyewe, modi yake ya ukocha, ulikuwa ukiicheza nyumbani, ukiilinda memori kadi kwa wivu. Ulianza na Castolo, Minanda na Ximelez, watu wa kubuni, wengi wao wazito wa miguu, na baada ya misimu miwili hukuwa tayari kuwauza. Gemu haikuwa na ujanja mwingi. Kilichowafanya wapendwe ni kwamba mlipanda daraja pamoja. Konami walipoigeuza PES kuwa eFootball ya bure, Septemba 2021, ilitoka bila Master League, na kwa wengi niliokuwa nikicheza nao hamu iliishia pale. Sitaki kuanza hiyo habari.

Makinda ndio sehemu itakayowasumbua kimya kimya. Kila msimu gemu yenu inazalisha vijana wapya kuchukua nafasi za wanaostaafu. Jedwali la kuwazalisha likiwa karimu kidogo tu, viwango vya ligi nzima vinapanda mwaka hadi mwaka, na msimu wa kumi kila timu ina nyota. Likiwa bahili, ligi inazeeka na kudorora. Kwa macho hamtaona, maana hakuna kati yenu mwenye subira ya kucheza misimu 50. Iachieni laptopu usiku icheze yenyewe, kompyuta dhidi ya kompyuta, bila kuchora mechi. Asubuhi tazameni wastani wa viwango msimu wa kwanza na wa hamsini, wastani wa umri, mabao kwa mechi, timu ngapi tofauti zimetwaa ubingwa, na akaunti iliyonona kuliko zote ina kiasi gani. Wastani ukitoka 61 ukafika 74, mna mfumuko. Timu moja ikibeba mataji 40 kati ya 50, soko lenu bado lina tundu. Jaribio hili lirudiwe kabla ya kila sasisho, hata lile mnaloliona dogo. Kubadili namba moja ya majeraha kunaweza kutajirisha timu zenye vikosi vikubwa na kuzifilisi ndogo, na hamtajua mpaka watu waanze kulalamika.

Sasa niseme linalonipendeza katika gemu yenu, na ambalo naona hamlitumii. Ligi yenu ni ya Pwani kwa majina tu. Ukiondoa majina, ingekuwa ya mahali popote.

Timu ya Ukunda ikienda kucheza Kilifi lazima ivuke. Ivuke feri ya Likoni alfajiri, au izunguke Dongo Kundu, mafuta zaidi lakini bila foleni? Huo ni uamuzi wa kocha, una gharama na una hatari, na mnaweza kuufanya kwa skrini moja na namba mbili. Safari ya Lamu ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa: mnaondoka siku ya mechi, au mnalala huko na kulipia vyumba vya watu 20? Masika ya Aprili na Mei yaharibu viwanja, timu ya pasi fupi iteseke, na kocha aliyejenga kikosi chake chote kwa pasi fupi ajue kwa nini. Ramadhani msiifanye adhabu ya nguvu za mwili, itakuwa jambo la ovyo na la uongo. Ifanyeni kalenda. Mazoezi yahamie usiku, na mashindano ya mitaani ya baada ya tarawehe yawe mahali ambapo skauti wako anaweza kumwona kijana ambaye hayumo katika hifadhidata ya timu yoyote. Huyo kijana ninyi mmeshamzalisha, mnachobadilisha ni mahali anapoonekana.

Na wanunuzi wa nje wawepo. Mchezaji wa Pwani akiwaka, Nairobi wanamtaka. Akiwaka Nairobi, Tanzania wanamtaka. Meddie Kagere alitoka Gor Mahia kwenda Simba mwaka 2018 na akawa mfungaji bora wa ligi ya huko misimu miwili mfululizo. Francis Kahata akafuata njia hiyohiyo mwaka 2019. Kwenye gemu yenu mchezaji haondoki ila kocha akubali. Mpeni mchezaji hamu ya kuondoka. Akikataliwa mara mbili aanze kuchelewa mazoezini, na wenzake wawe upande wake.

Mafaili ya zamani ndiyo yanayotofautisha masasisho yanayoongeza kina na yale yanayofukuza watu. Kocha aliyefika msimu wa saba, ukimwambia sasisho jipya linataka aanze upya, umemtoa mlangoni. Football Manager yenyewe, ile gemu maarufu ya ukocha, pamoja na ukongwe wake wa tangu 1992 ilipokuwa ikiitwa Championship Manager, sasisho lake la hifadhidata baada ya dirisha la Januari haliingii katika safari uliyokwisha kuianza. Wachezaji waliohama huwaona ukianza mpya. Wanaweza kumudu hilo kwa sababu watu wao wameshazoea. Ninyi msijaribu.

Kila faili liandikwe namba ya toleo lake. Toleo jipya likifungua faili la zamani, lilipandishe hatua kwa hatua: kutoka la 3 kwenda la 4, la 4 kwenda la 5, kila hatua ikijaza kisichokuwepo kwa thamani ya busara. Kinyongo hakikuwepo? Kianze sifuri kwa timu zote. Nakala ya zamani ihifadhiwe pembeni kabla ya kugusa chochote. Kusanyeni pia mafaili halisi ya makocha walio tayari kuwapa, mabovu na mazima, na kila toleo jipya liyafungue yote kabla halijatoka.

Kanuni mpya zisianze katikati ya msimu. Mtu yuko wiki ya 19, anaongoza kwa pointi mbili, halafu bei za soko zinabadilika usiku! Ziingizeni mwishoni, kwa mkutano mkuu wa ligi ndani ya gemu, timu zipige kura au zitangaziwe tu. NBA 2K23, gemu ya mpira wa kikapu, ilipoleta modi ya MyNBA Eras ilikuruhusu kuanza ligi mwaka 1983, 1991, 2002 au wakati wa sasa, na kanuni na timu mpya zikafuata wakati wake, sehemu ya historia ya ligi. Matoleo yaliyofuata yakaongeza enzi, ya LeBron kisha ya Curry, juu ya msingi uleule.

Hilo la pa kuanzia liigeni mara moja, ni rahisi kuliko yote niliyotaja. EA Sports FC 25, gemu ya mpira ya EA, nayo iliweka uwezo wa kuingia katikati ya msimu halisi. Ninyi tengenezeni mianzo migumu: wiki ya 20, timu ya mwisho, mishahara ya miezi miwili haijalipwa, nahodha amegoma. Hiyo ni faili moja dogo la data. Mnaweza kutoa jipya kila mwezi badala ya jezi, na kocha aliyechoka na ubingwa wake atapata sababu ya kurudi.

Data zenu, yaani mianzo, kalenda, bei na majedwali ya makinda, zikae nje ya programu yenyewe ili sasisho liwe la kilobaiti chache. Watu wenu wananunua bando la siku. Kuwapakulisha megabaiti 150 kwa ajili ya bei iliyorekebishwa ni kuwaomba wawafute. Na gemu ifunguke bila intaneti, daima. Huduma za mtandaoni za NBA 2K23 zilifungwa mwisho wa 2024, na vilivyozitegemea vikaenda nazo. Kwa sababu hiyohiyo usajili wa mtandaoni mwaka huu nisingeugusa: unataka seva, unataka kuzuia wadanganyifu, na soko lenu la nje ya mtandao bado halijapona.

Kuhariri majina waruhusuni. Wafuasi wa Football Manager hutengeneza ligi nzima ambazo hazimo rasmi, na yupo atakayewawekea klabu ya Bandari ya Mbaraki kabla hamjaamka. Lakini ninyi wenyewe msiweke majina ya watu na klabu halisi bila ruhusa. Oliver Kahn, kipa wa Ujerumani, aliishinda EA mahakamani Hamburg mwaka 2003 kwa kutumiwa jina na sura yake, na Manchester United waliishtaki Sega na Sports Interactive, wenye Football Manager, kwa jina la klabu tu, mwisho wake jina likabadilishwa ndani ya gemu.

Kwa utaratibu, mimi ningefanya hivi: sasisho la kwanza ni soko na jedwali la matukio, bila kitu cha kuonyesha. Andikeni wazi kwamba timu za kompyuta zimeacha ujinga, watakuja kuwajaribu. La pili ni mshahara, wachezaji wanaotaka kuondoka, na mwanzo mgumu mmoja. Safari, masika na Ramadhani ziwe la tatu, na hilo ndilo mlipigie ngoma. Masasisho matatu makubwa kwa mwaka yanatosha, katikati yake mkirekebisha hitilafu.

Pimeni kitu kimoja: kati ya makocha waliomaliza msimu wa kwanza, wangapi wameanza wa nne. Hesabu ya waliopakua iacheni, inafurahisha tu. Takwimu mnazopokea ziwe za msimu na wiki, zisiwe na jina wala namba ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata mkiwa watatu. Na sasisho la tatu litoeni Agosti, ligi za Ulaya zinapoanza na kila mtu mtaani anajiona kocha. Septemba inatoka EA FC, hapo hamtasikika.